Nta ya Siku ya Marehemu

Elina aliuweka mshumaa katikati ya meza, akaenda jikoni kuepua mboga, na aliporudi aliukuta ukingoni. Sahani ilikuwa imesogea yenyewe hadi nusu yake ikaning'inia hewani, upande wa mlango wa chumba cha pamba. Moto nao ulikuwa umelala kuelekea mlango huohuo, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

"Baba Doto, umeusogeza mshumaa?"

Marcelo, mumewe, alikuwa amejinyoosha kwenye kochi na redio ndogo sikioni. "Niusogeze niupeleke wapi?"

Elina aliurudisha mahali pake bila kusema zaidi, ila hakupenda. Mtaa mzima ule, nje kidogo ya mji wa Bariadi, hakukuwa na mtu anayeogopa moto kama yeye. Alikuwa fundi cherehani, na sebule yake ilijaa vitenge vya watu. Kibaya zaidi, mwaka huo vituo vya kununulia pamba vilichelewa kufunguliwa, na kama nyumba yoyote ya mkulima huku, chumba kimoja kilikuwa kimejazwa pamba mbegu mpaka usawa wa dirisha. Doto, binti yao wa miaka minne, aliipenda kuliko godoro. Ukimtafuta ukamkosa, ujue amejichimbia humo na usingizi umempitia.

Ndiyo maana Elina alikuwa na sheria zake. Mshumaa unakaa kwenye sahani pana yenye mchanga. Haukaribii pazia wala chandarua. Hauachwi chumba kimoja na mtoto bila mtu mzima, na hakuna kulala kabla haujazimwa. Marcelo alimwita afande wa zimamoto mbele ya wageni, na wageni wakacheka, na yeye akawaacha wacheke. Watoto wake walizaliwa wawili, Kulwa na Doto, na Kulwa hakufikisha hata mwezi. Alibaki na mmoja, na huyo mmoja alikuwa amekusudia kumfikisha ukubwani.

Sasa Marcelo. Huyu bwana hakuweza kupita penye kitu kilicholala chini asiinamie. Misumari iliyopinda, vifuniko vya ndoo, mipira ya baiskeli iliyochoka, vyote viliishia nyuma ya nyumba yake, na kila kimoja alikuwa na mpango nacho. Umeme ulipoanza kukatika kila jioni msimu ule, na taa yao ya sola ikawa imekufa betri, akaibuka na mishumaa aliyoitengeneza mwenyewe. Ilikuwa minene, ya rangi ya maziwa yaliyoingia majivu, aliyoimwaga kwenye kipande cha bomba la maji na kuitia utambi wa pamba ya shambani kwao.

"Nta umeitoa wapi?" Elina alimuuliza.

"Kanisani," akajibu, akacheka peke yake.

Jioni hiyo ya kwanza, walipomaliza kula, Elina alisikia harufu. Alidhani ni mkanda wa cherehani, akaenda akaunusa. Siyo. Ilikuwa harufu ya mpira unaoungua, mpira wa gurudumu, na petroli nyuma yake. Akasema tulale, akainama, akaupuliza mshumaa.

Giza lilipoingia tu, alipigwa kofi. Lilikuwa kofi la mtu mzima mwenye hasira, la kiganja chote, lililomzungusha akaangukia kochi na kung'ata ulimi mpaka damu ikamjaa mdomoni.

"Marcelo! Umenipiga!"

"Nani? Mimi niko huku mlangoni!" Na sauti yake kweli ilitokea mlangoni.

Wakawasha tochi ya simu iliyobakiwa na chaji kidogo. Hapakuwa na mtu. Shavuni kwa Elina kulikuwa na alama za vidole vitano, na ngozi ilikuwa imevimba malengelenge, kama mtu aliyeshikwa na mkono uliotoka kwenye makaa. Elina alitaka kuamini kwamba ni mumewe, maana kama ni mumewe angalau angejua pa kupeleka mashtaka.

Kesho yake jua lilipozama umeme ukakatika tena. Elina alikataa mshumaa. Marcelo akauwasha kwa ubishi, akasema nyumba yake haitakaa gizani kwa sababu ya ndoto za mwanamke. Walikula. Harufu ya mpira ilirudi, nzito, mpaka Doto akaanza kukohoa. Moto ukawa unarefuka bila sababu. Ukapanda juu ya kipimo chake, mwembamba, ukitetemeka, na ndani yake Elina aliona kitu ambacho macho yake yalikikataa, mdomo, mdomo uliofunguka kabisa.

"Zima," alinong'ona. "Baba Doto, zima hicho kitu."

Marcelo akavuta pumzi akapuliza.

Alinyanyuliwa. Elina aliuona mwili wa mumewe ukiacha sakafu katika kile kimwanga cha mwisho cha utambi, ukapita juu ya meza na sahani na bakuli za mboga, ukagonga cherehani kwa nguvu iliyopasua meza yake vipande, na kabla Marcelo hajalia alishikwa tena mguu na kuburutwa kurudi katikati ya chumba, akapigwa, akapigwa gizani kwa kitu kizito kisichochoka, mbavuni, mgongoni, mkononi mpaka mfupa ukasikika ukikatika, na nta ya moto ikamwagika usoni pake kutoka mahali ambapo hapakuwa na mshumaa, na juu ya vilio vyake ikaja sauti ya mwanamume iliyokauka koo, ikipiga kelele.

"Sikuiba! Sikuiba! Muulizeni mama! Sikuiba!"

Kisha kimya. Marcelo alikuwa chini akihema, jicho moja limezibwa na nta, mkono umepinda mahali pasipo na kiwiko.

Elina alikaa pale sakafuni amemkumbatia Doto. Ile sauti aliijua. Mtaa wote uliijua. Miaka miwili nyuma, kijana Ndaki alikamatwa karibu na mnada akiambiwa ameiba ng'ombe. Hawakumsikiliza. Walimpiga mawe na marungu, wakamvisha tairi, wakamwagia petroli, na mtu mmoja akawasha kiberiti. Alikuwa akipiga kelele maneno hayohayo. Ng'ombe wenyewe walikutwa kesho yake bondeni wakijilia majani. Siku ile watu walijaa pale kama gulio, na ukiwauliza leo, kila mmoja alikuwa safarini.

Elina alikuwepo. Mama yake Ndaki, mjane aitwaye Martha, alikuja mbio akitaka kujitupa motoni, na wanawake wawili wakamdaka mikono wakamzuia. Elina alishika mkono wa kulia. Watu walimsifu kwamba ameokoa maisha.

Asubuhi Marcelo alifungwa mkono hospitali, akadanganya kuwa ameanguka kwenye bodaboda. Elina aliikusanya mishumaa yote iliyobaki, akaitumbukiza chooni, akasikiliza mpaka iliposikika ikifika chini. Akanunua mishumaa ya dukani, miembamba, myeupe, akaiweka kabatini. Moyo ukatulia kidogo. Kosa lake lilikuwa hilo la kutulia.

Jioni ya siku hiyohiyo, watu wakiwa bado wanatoka kisimani, umeme ukaondoka mtaa mzima. Elina alikuwa uani akianua nguo. Akaita, "Doto!" Hakuitikiwa. Akaita tena, na hapo akaona kwamba dirisha la chumba cha pamba lina mwanga.

Mlango wa chumba ulikuwa haufunguki. Ulikuwa wa mbao hafifu usio hata na kitasa, na Elina aliupiga bega mpaka bega likafa ganzi, ukasimama kama ukuta. Akazunguka nje, akashika nondo za dirisha, akachungulia.

Doto alikuwa amelala chali juu ya pamba, mdomo wazi, amechoka na michezo yake. Karibu na kichwa chake, ukiwa umesimama juu ya pamba tupu bila sahani wala mchanga, ulikuwa ule mshumaa mnene wa rangi ya majivu, unadondosha maji ya chooni, unawaka. Na nyuma ya mshumaa, pale ambapo mwanga unapaswa kugonga ukuta, ulikuwa unamgonga mtu. Alichuchumaa. Alikuwa mweusi wa kuungua, ngozi inateleza, na shingoni alikuwa na duara la nyaya, zile nyaya zinazobaki tairi likishateketea. Mwili wake ulikuwa unaungua polepole kwa kadiri mshumaa ulivyoungua, na alikuwa anatetemeka kwa maumivu.

Marcelo alifika nyuma ya mkewe, akaona.

"Nta," Elina alisema bila kugeuka. Alisema kwa pumzi ndogo kabisa, maana moto ulikuwa unayumba kila alipopumua. "Sema umeitoa wapi."

"Makaburini."

"Sema vizuri."

"Novemba, Siku ya Marehemu Wote. Watu waliwasha mishumaa, wakasali, wakaondoka. Mimi nikapita kuokota vipande. Nikaona huo mkubwa, mpya, kwenye kaburi la huyo kijana. Mama yake alikuwa ndiyo kwanza amegeuka." Marcelo alianza kulia. "Nikaupuliza, mama Doto. Nikautia mfukoni. Niliona unaungua bure."

Elina alimtazama kwa chuki ambayo hakuwahi kujua kuwa anayo. "Nenda kamlete Bi Martha. Panda pikipiki ya mtu yeyote. Ukirudi bila yeye nitakuua mimi, usimsubiri huyo."

Marcelo akakimbia, mkono wake uliofungwa ukimpigapiga kifuani.

Elina akabaki dirishani. "Ndaki," alinong'ona. "Ndaki, mdogo wangu. Usimguse mtoto. Hakuwepo. Hakuwa anajua hata kusema vizuri."

Kichwa cheusi kiliinuka. Kilimwangalia bila macho. Kisha hapakuwa na mtu nyuma ya mshumaa, na mkono wa moto ukapita katikati ya nondo ukamkamata Elina nywele. Ukamvuta. Uso wake ukagonga chuma, pua ikavunjika, akavutwa tena, akagongwa tena, meno mawili yakamtoka yakaangukia upande wa ndani kwenye pamba, na nywele zikawa zinaungua kichwani pake na yeye anaisikia harufu yake mwenyewe, na hakupiga kelele, alishika zile nondo kwa mikono miwili akafumba mdomo uliojaa damu, kwa sababu kelele ingemwamsha Doto, na Doto akiamka angegeuka, na akigeuka bega lake lingeusukuma mshumaa, na pamba ile ingewaka yote kabla mtu hajatamka jina la Mungu. Alihesabu pigo moja baada ya jingine mpaka hesabu ikampotea. Majirani walichungulia milangoni kwao. Hakuna aliyevuka njia. Walikuwa na uzoefu wa kutazama.

Pikipiki ikasikika. Mkono ukamwachia.

Martha alishuka taratibu, mwanamke mfupi aliyejifunga kitenge kifuani, miguu mitupu. Hakumwamkia mtu. Alisimama dirishani, akatazama ndani kwa muda mrefu, na uso wake haukuonyesha woga hata kidogo. Ulionyesha kitu kibaya zaidi, furaha.

"Ni yeye," alisema. "Ni mwanangu."

"Mayu, mama yangu," Elina alisema, damu ikimchuruzika kidevuni, "mtoto wangu yumo ndani. Nisaidie. Tufanye nini? Tukiupuliza anatupiga, tukiuacha tutateketea."

"Nani kakwambia upulize? Mshumaa wa marehemu haupulizwi kwa mdomo. Unaachwa uishe wenyewe, naye ndipo anapumzika. Huu ulikatizwa." Martha akamgeukia Marcelo, akamwangalia kama kitu kilichookotwa. "Kila mkiuwasha mnamchoma upya. Mkiuzima mnamkatiza kabla hajafika. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?"

Akaenda mlangoni. Elina, bila kufikiri, akamdaka mkono wa kulia. Joto lilikuwa linatoka chini ya mlango na rangi ilikuwa inachubuka.

"Safari hii usinishike," Martha alisema.

Elina akamwachia.

Mlango ulifunguka kwa kidole cha Martha. Aliingia akizama kwenye pamba mpaka magotini, akisema kwa sauti ya chini, Kisukuma na Kiswahili vikichanganyika, baba, mwanangu, mama nimekuja, siku ile walinishika, nilikusikia, nilisikia kila neno. Yule kiumbe alimrukia. Alimpiga ngumi ya kifua, mama akarudi nyuma, akasimama, akaenda tena. Alimpiga usoni. Nyusi zake ziliteketea, kitenge kikashika moto begani, naye akauzima kwa kiganja kama mtu anayejipukuta vumbi, akasonga mbele, akipigwa na kujibu "naam, baba," akipigwa na kujibu "nipo," mpaka akaufikia mshumaa, akaupakata kwa viganja viwili na kuunyanyua kutoka kwenye pamba.

"Mchukue mwanao," alisema.

Elina alishaingia. Alimnyakua Doto, akatoka naye mpaka uani, akamtupa mikononi mwa mumewe. "Mpeleke mbali!" Kisha akarudi, sijui kwa nini. Labda aliona hana haki ya kuwageuzia mgongo mara ya pili.

Martha alikuwa ametoka na mshumaa hadi sebuleni, amekaa kwenye sakafu ya saruji, mbali na vitambaa vyote. Nta ya moto ilikuwa inamchuruzikia vidoleni mpaka viwikoni na hakuutua. Mbele yake yule mtu alikuwa amepiga magoti, anaungua, anapungua. Mshumaa ulikuwa umebaki urefu wa kidole. Kelele zake zilikuwa zimeshuka zikawa kilio, kilio kikawa kunung'unika kwa mtoto mwenye homa.

"Unakaribia kuisha, mayu," Elina alinong'ona. "Mwache apumzike."

Martha hakuondoa macho kwenye moto. "Ukiisha, anakwenda wapi?"

"Kwa Mungu."

"Una hakika?"

Elina aligeuka akautazama mlango wa nje.

"Wewe wako yuko nje analia, namsikia," Martha alisema. "Wangu ni huyu. Niletee mshumaa."

Elina alielewa kilichoombwa. Alielewa pia kwamba alikuwa na nafasi ya kukataa, kwamba ilitosha kusimama tu, asubiri, utambi ufike mwisho, yule kijana aliyeteswa atoke duniani kama alivyostahili kutoka. Lakini moto ulishaanza kuyumba tena, yule mtu akageuza kichwa kuelekea uani, kuelekea sauti ya Doto, na Elina akaenda kabatini. Alileta mshumaa wa dukani, mweupe, akamkabidhi.

Martha aliugusisha utambi kwenye moto wa mwisho. Ukashika. Yule mtu alipiga ukelele uliopasua kioo cha kabati, akainuka mzima upya, mweusi, mwenye nguvu, na kumpiga mama yake teke la mbavu. Martha alicheka huku akilia. Akaukinga moto kwa kiganja, akasimama, akatoka mlango wa mbele, akaenda zake kwao kwa miguu gizani, na kila hatua chache mtaa ulisikia kishindo na sauti yake ikisema taratibu, baba, taratibu, tunakwenda nyumbani.

Pamba ilinunuliwa, chumba kikafagiliwa, Doto anaanza shule mwakani. Marcelo ana jicho moja na haokoti tena kitu. Umeme siku hizi haukatiki sana, na nyumba zote za mtaa zina taa. Nyumba ya Martha haina. Ina mwanga mdogo wa njano unaoyumba, usiku na mchana, na mishumaa ni Elina anayeipeleka. Hakuna aliyemtuma. Anaiogopa siku ambayo Martha ataishiwa na yule kijana ageuze tena kichwa kuelekea kwa Doto, kwa hiyo hasubiri aishiwe.

Jumamosi iliyopita alibisha hodi kama kawaida. Martha alifungua nusu mlango. Hakuwa na nywele, sikio moja lilikuwa limeyeyuka likashikana na shavu, na mkono wa kulia ulining'inia ovyo.

"Mwadila, mayu," Elina alimwamkia, akamnyooshea pakiti. "Hajambo?"

"Hajambo. Anakula vizuri," Martha alisema, akatabasamu kwa meno yaliyobaki. "Wa kwako je?"

"Hajambo pia."

"Basi tushukuru."

Mlango ulifungwa. Nyuma yake kitu kizito kikagonga ukuta, kikagonga tena, na sauti ya Martha ikasikika ikibembeleza, ikikatika, ikibembeleza. Mtu mmoja njiani alisimama akamtazama Elina, akisubiri aseme neno. Elina alijifunga mtandio vizuri kichwani, akashika njia ya nyumbani, maana Doto alikuwa hajala.